Mstari Chini ya Chokaa

Meza ilianza na nyumba ya Mwenyekiti Kibwana, kwa sababu ndiyo ya kwanza ukishuka kutoka kwenye tuta la barabara, na mimi nilikuwa nimeshajua kwamba haitaona kitu.

Jina la kiserikali la mashine hii ni Mizani. Lakini siku ilipoingia mtaani kwetu Tanurini kwa miguu yake minne, mgongo bapa, imebeba taa na vioo, wanawake waliokuwa wanapanga matofali waliulizana hiyo meza imekuja kuandaliwa chakula gani, na jina likabaki hapo hapo. Ilisimama mbele ya ukuta wa Mwenyekiti, ikapiga magoti ya mbele kama mbuzi anayetaka kunywa, ikawasha taa ya zambarau. Taa ile hupenya chokaa na hupenya rangi. Huona tope lililoingia kwenye plasta miaka thelathini nyuma. Ilipanda nayo polepole kutoka sakafuni mpaka kwenye matofali ya matundu yaliyo juu ya dirisha, ikashuka, ikapanda tena.

"Hakuna alama ya maji juu ya sentimita arobaini," ilisema.

"Rudia," alisema Mwenyekiti.

Ikarudia. Haikuchoka, wala haikukasirika. Jibu lilikuwa lile lile.

Mwenyekiti Kibwana ni mtu mrefu. Alinyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akabandika kiganja ukutani. "Mwaka wa gharika maji yalikuwa hapa. Mke wangu alifia ndani ya chumba hiki. Unataka nikuonyeshe na mahali alipokuwa ameshika?"

"Pole kwa msiba, Mwenyekiti. Maelezo ya wafiwa hayaingii kwenye hesabu."

Alimgeukia Injinia Masalu, aliyekuwa amekaa kwenye rundo la matofali akijipepea kwa kofia. Injinia hakuinuka. "Ndiyo sheria, Mwenyekiti wangu. Si kwamba mnadanganya. Mtu akifiwa, maji humpanda kila mwaka. Ukimuuliza baada ya miaka mitatu atakuonyesha juu ya paa."

"Na huyu?" Mwenyekiti alininyooshea kidole bila kunitazama. "Huyu hajafiwa. Muulizeni huyu."

"Yeye ataulizwa saa nane," alisema Injinia. "Zege likiamka."

Mimi ni mwonaji wa korongo la Kisogo. Kazi yenyewe haina cheo. Masika saba nimekaa juu ya tanuri la zamani, pale mlimani ninapopanga chumba, na kila robo saa naangalia mti wa kipimo uliosimikwa korongoni, naandika kwenye daftari maji yamefika wapi. Idara ya Mikondo ilinichukua kwa sababu nilimaliza darasa la saba, namba nazijua, na kwa sababu kukaa sichoki. Wenzangu wawili wa mwanzo walikimbia. Mmoja alisema afadhali achunge nyuki.

Sheria ya mwonaji ilikuja baada ya mji mmoja wa kusini ambako mashine ilipima makalavati yote peke yake. Mvua ilipokuja kuua watu, wenye misiba walitafuta wa kumkamata shati, wakakuta hesabu tupu. Tangu hapo kila kalavati lazima liwe na mtu mmoja aliyeyaona maji kwa macho, asiye na nyumba pale wala maiti pale, aseme alichokiona na aweke kidole. Nilipoajiriwa nilidhani wanatafuta ukweli. Baadaye nikaelewa kwamba wanatafuta na shati.

Meza ilimaliza nyumba tisa za ukingoni. Zote nyeupe, zote safi. Ikaja ikasimama katikati yetu.

"Kwa mvua iliyoonekana angani, kilele ni mita za ujazo sita na nusu kwa sekunde. Kwa kuta, kilele ni mita za ujazo tatu. Ukuta ukipingana na wingu, ukuta unafuatwa. Kalavati la zamani lilitosha. Napendekeza jipya la kipenyo kile kile, mita moja na sentimita ishirini."

Hesabu ya kalavati si ngumu kama watu wanavyofikiri. Injinia alinifundisha mwenyewe, masika yangu ya kwanza. Unachukua ukubwa wa eneo linalomwaga maji kuja kwako. Unachukua ugumu wake, maana shamba hunywa maji na bati halinywi, na huko juu mlimani kila mwaka mashamba yanapungua na mabati yanaongezeka. Unachukua na ukali wa mvua, kwa muda ule ambao tone la mbali kabisa linahitaji ili lifike. Zidisha vitatu hivyo, unapata kilele, yaani zile dakika chache ambazo maji yote ya mlima yamekutana mlangoni kwako kwa pamoja. Mvua ya mwaka mzima haiui mtu. Zinazoua ni dakika hizo.

Ule muda wa tone nilimpa Injinia mimi. Nilikuwa natupa gunzi kule juu kwenye chanzo, nashuka nalo pembeni mpaka tutani. Dakika kumi na tisa.

Na mita za ujazo, kwa sisi tusiozizoea, nilizigeuza mapipa. Tatu ni mapipa kumi na tano. Sita na nusu ni mapipa thelathini na mawili na nusu, yanapita kila unapopepesa jicho. Sasa chukua tundu la mapipa kumi na tano ulipelekee thelathini na mawili. Yanayobaki yanarudi nyuma, yanapanda, yanaingia kwa Mwenyekiti Kibwana kupitia dirishani. Tuta la barabara linageuka bwawa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walikufa watu kumi na mmoja, na kwenye karatasi za Idara wote wameandikwa wamezama korongoni, kama vile walikwenda huko kuoga.

*

Mwenyekiti alinifuata nyuma ya choo cha mtaa, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Mwanangu Mwantumu."

"Naam, Mwenyekiti."

"Wewe ndiye uliyeufuta."

Alikuwa anasema kweli. Siku ile ya gharika, mti wa kipimo ulipozama nisiuone tena, nilibaki juu ya tanuri nikitazama nyumba yake, nikihesabu matofali yanavyopotea. Maji yalipopungua nilishuka na kipande cha mkaa, nikachora mstari kwenye kuta zote tisa, sawasawa na tope lilipoishia, nikaandika tarehe. Daftari langu lilikuwa limejaa, nilitaka nikipata jipya ninakili. Kisha misiba ikatushika.

Kwetu siku ya arobaini ukuta uliofikiwa na maji ya kifo unaoshwa. Hauachwi. Hakuna anayeweza kukaa jamvini na kusoma dua huku anautazama mstari uliomfunika mtu wake. Na wafiwa hawagusi. Anaitwa mwanamke asiye wa ukoo, anasugua kwa majivu na magunzi mpaka plasta yenyewe inabadilika rangi, ndipo anapaka chokaa. Anapewa doti ya kanga. Tanurini nzima karibu wote ni ndugu. Asiye wa ukoo nilikuwa mimi.

Nilisugua nyumba tisa kwa siku mbili. Nilijua ninachofuta. Nilijiambia nakumbuka, na kwamba kukumbuka kunatosha.

"Wewe uliufuta, na mimi ndiye niliyekuita," Mwenyekiti alisema. "Kwa hiyo sikulaumu. Lakini saa nane ukiwa na mdomo, useme." Akasimama kidogo. "Ile kanga unaivaa?"

"Naivaa nyumbani."

"Haya," alisema, akaondoka.

Nikamrudia Injinia. Alikuwa anawatazama mafundi wakimwaga molasi kwenye matangi. Zege hai huja limelala, kijivu, kama uji uliopoa. Ukilimwagia molasi linaamka, linaanza kuchachuka, na tangu hapo una saa sita za kulimimina kwenye umbo lake. Halirudi kulala. Likishakaa limekaa miaka arobaini, haliingii nyundo wala moto. Tangi la kwetu lilikuwa limeshaanza kutoa povu.

"Injinia, kalavati likiwekwa kubwa inakuwaje huko chini?"

Alinitazama kwa muda. Ana macho ya mtu aliyelala kwenye magari miaka mingi. "Chini wapi? Mtaa wa Kwa Ndevu?"

"Kwa Ndevu."

"Nani yuko Kwa Ndevu?"

"Shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

"Kwenye fomu hujamwandika."

"Fomu iliuliza wazazi, mume na watoto."

Alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akachukua kijiti akachora kwenye vumbi: tuta, tundu, korongo linavyopinda, nyumba za chini. "Kwa Ndevu maji yaliwafika chini ya goti mwaka ule. Waliponea nini? Waliponea ubovu wa kalavati. Tuta liliyazuia maji kwa ajili yao, na Tanurini ikalipia. Tukiweka la mita moja na themanini, Tanurini inapona. Lakini mapipa yote thelathini na mawili yanashuka. Kwa Ndevu yatafika..." Akaweka kijiti kifuani kwake. "Hapa. Na hayataingia taratibu."

"Si mchimbe mfereji wa chini kwanza?"

"Awamu ya pili. Masika mawili yajayo, wakikumbuka. Mvua imebakiza siku tisa." Akafuta mchoro kwa kiatu. "Nikwambie kitu, mdogo wangu? Una majibu matatu pale. Niliona, sikuona, sikumbuki. La tatu si kosa. Miaka mitatu ni mingi. Hakuna atakayekufuata."

"Na Tanurini?"

"Tanurini wataendelea kama walivyo." Alivaa kofia. "Mimi nimeshaweka makalavati mia tatu na arobaini. Ukiniuliza mangapi nalala vizuri kwa ajili yake, sitakujibu."

*

Kwa Ndevu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, ukifuata korongo. Nyumba sitini na moja, zimejengwa pale ambapo korongo linachoka na kutanuka. Watu wanalima mchicha. Tope la kila mwaka wanaliita mbolea.

Shangazi Zamoyoni alikuwa kizingitini anachambua choroko kwenye ungo, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa sababu nyonga yake haikunji tena.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo meza yenu hailishi watu?"

"Haina chakula, Shangazi."

"Sasa meza isiyo na chakula ya nini?" Akatupa kokoto nje. "Ndiyo maana unazeeka juu ya tanuri. Maji unayapima kila siku, mwanamume hata mmoja hujawahi kumpima."

"Wapo wa kupimwa?"

"Wapo. Ila wanakimbia daftari."

Nikakaa pembeni yake, nikachukua choroko mkono mmoja, nikaanza kuchambua. Ndani, kupitia mlangoni, niliuona ukuta. Mstari wa tope wa mwaka ule ulikuwa bado upo, hudhurungi, chini kidogo ya goti, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Hujaufuta ule."

"Niufute kwa nini? Hapa hakufa mtu. Mstari unafutwa na msiba." Akautazama kwa kujivunia. "Nautumia. Magunia yangu nayapanga juu yake. Kitanda nacho nimekiinua, tumetia matofali mawili kila mguu. Maji yakija, mimi nipo juu nayatazama yanapita kama mgeni asiyekaribishwa."

Kitanda chake ni kile cha kamba, alichozaliwia mdogo wangu na akafia hicho hicho. Nikapima kwa macho. Ni tabia, siwezi kuiacha. Kutoka sakafuni mpaka kambani, sentimita sabini na tano. Shangazi akisimama, kifua chake kipo kwenye mia moja na kumi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua nne za mtu mwenye nyonga nzima. Yeye anatumia tisa.

"Unanitazama kama fundi jeneza," alisema.

"Nimechoka tu, Shangazi."

"Basi pumzika."

Nilipumzika. Tukachambua choroko mpaka ungo ukawa safi. Nilikuwa nimekuja kumuuliza nifanye nini, lakini nilipofungua mdomo niliona kwamba nikimuuliza nitakuwa nimempa yeye aseme nani azame. Na angesema. Angesema bila kusita, "Sema kweli, mtoto wewe," ili nisiwe na dhambi, halafu mimi ningerudi juu nikiwa nimebeba ruhusa yake kama barua. Hilo sikulitaka. Alinifungia choroko kwenye karatasi, nikaaga.

"Mbona umekuja mchana?" aliniuliza nilipokuwa nimeshafika njiani. "Wewe huja jioni."

Nikamwambia nitarudi na jioni.

*

Saa nane zege lilikuwa linapumua. Unaliona kabisa, povu linapanda na kushuka ndani ya tangi, na harufu yake ni ya togwa lililokaa. Umbo la kalavati lilikuwa tayari chini ya tuta, pete za chuma zinazotanuka na kujifunga kwa amri ya Meza. Watu wa Tanurini walijipanga juu ya tuta.

"Mwonaji Mwantumu Selemani," ilisema Meza. "Siku ya gharika, saa kumi na moja kasorobo jioni, daftari lako linasema mti wa kipimo hauonekani. Hesabu imechukulia kuwa mti uliangushwa na gogo. Je, uliyaona maji baada ya saa hiyo? Majibu ni: niliona, sikuona, sikumbuki."

Nilimtazama Injinia. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama Mwenyekiti. Alikuwa ananitazama mimi.

Kuna kitu sikuwa nimekifikiria mpaka pale. Nilikuwa nimejiambia nachagua kati ya Tanurini na Kwa Ndevu. Lakini swali lenyewe halikuwa hilo. Niliulizwa kama niliyaona.

"Niliona."

"Yalifika wapi?"

"Tofali la kwanza la matundu, juu ya dirisha, nyumba ya Mwenyekiti Kibwana. Nyumba nyingine nane nitakuonyesha moja moja. Nilichora mstari kwa mkaa."

"Mstari haupo."

"Niliufuta mimi."

Juu ya tuta mtu mmoja alikohoa.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa arobaini."

"Fafanua."

Nikaifafanulia. Nilieleza kama unavyomweleza mgeni anayeuliza kwa nini tunavua viatu: majivu, magunzi, chokaa, mwanamke asiye wa ukoo, doti ya kanga. Nikasema pale ambapo hakufa mtu mstari unaachwa, na pale walipokufa watu unaondolewa. Kwa hiyo ukuta mchafu kwetu ndio uliopona. Ukuta msafi ndio wa kuuogopa.

Miezi yote niliyofanya nayo kazi sijawahi kuiona Meza inakawia kujibu kama pale.

"Kuta safi nilizisoma kama ukavu," ilisema. "Je, desturi hii ipo nje ya Tanurini?"

Nikasema ipo. Ipo kote upande wetu wa mlima, na nimesikia ng'ambo pia wanayo, ila wao wanatumia mwanamke mgumba.

Injinia Masalu alikaa chini. Hakutafuta tofali, alikaa tu kwenye udongo. "Mizani," aliita. "Yale yangu mia tatu na arobaini. Mangapi tulifuata kuta safi?"

"Mia moja na sita."

"Na zege limekaa."

"Zege limekaa."

Alivua kofia akaiweka magotini, akaitazama ndani yake kama kuna kitu kimeanguka humo.

Meza haikumsubiri. Pete za chuma chini ya tuta zikaanza kulia, zikatanuka, zikajifunga upya. "Kipenyo kipya, mita moja na sentimita themanini. Kilele kinapita bila kurudi nyuma. Upande wa chini, nyumba sitini na moja, kina kinachotarajiwa ni sentimita mia moja na kumi, dakika kumi na moja baada ya kilele kupita tutani. Mwonaji, weka kidole."

"Mimi nathibitisha niliyoyaona huku juu," nilisema. "Hayo ya chini sijayaona bado."

"Kidole ni kimoja."

Niliweka. Kioo kilikuwa cha moto kwa jua. Watu juu ya tuta hawakushangilia. Mama mmoja alianza kulia, nikajua ni yule wa nyumba ya nne, aliyefiwa na pacha. Mwenyekiti Kibwana alishuka, akasimama mbele yangu. Akaniinamia. Mtu mzima kama yule, akaniinamia mimi. Nilitamani ardhi inifunike.

Zege likamiminwa. Lilishuka kwenye umbo taratibu, kama asali ya baridi, na baada ya saa moja lilikuwa limeshaanza kugonga kama jiwe ukilipiga kwa kijiti. Miaka arobaini. Nitakuwa bibi kizee, tundu lile litakuwa linapitisha maji yale yale.

*

Shangazi alikuwa anapika choroko. Alinisikia nikiingia, hakugeuka.

"Umerudi kweli. Kaa, ziko karibu kuiva."

Sikukaa. Nilichukua mkaa mmoja uliozimika pembeni ya jiko, nikatoa mfukoni utepe wangu wa kupimia, nikapiga magoti penye ukuta wake. Nikapima kutoka sakafuni. Mia moja na kumi. Nikatia alama upande huu, nikatia alama upande ule, nikaunganisha. Mstari ulinyooka. Nimeshachora mingi.

Alikuwa amegeuka. Mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni.

"Nini hicho?"

"Maji, Shangazi."

"Maji ya lini?"

"Ya masika haya. Au ya yale mengine. Hayajaja."

Aliutazama ule wa zamani, chini ya goti, akautazama wangu. Akautazama urefu wa kitanda chake chenye matofali mawili kila mguu. Ni mtu aliyeishi na korongo miaka hamsini. Sikuhitaji kumchorea vumbini.

"Mmetanua tundu."

"Tumetanua. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi nini kinakuliza?"

Sikujua kama nalia. Nilijifuta kwa bega, mkono wa mkaa usiniguse uso. Nikamwambia siku tisa. Nikamwambia dakika kumi na moja, na hatua zake tisa mpaka mlangoni. Nikamwambia tuhamie kwangu juu, chumba ni kidogo lakini kitanda cha kamba kinaingia. Nilikuwa nimepanga yote njiani. Kesho asubuhi tungebeba magunia, keshokutwa kitanda.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha mwiko chunguni, akakoroga mara mbili tatu, akafunika.

"Na Mama Rukonge hapo ng'ambo?"

Nikakunja utepe.

"Na yule Mgogo wa mchicha, mwenye watoto watano? Umemchorea?"

"Idara watatoa tangazo, Shangazi. Meza itatuma."

"Tangazo." Alilitamka kama anatema ganda la choroko. "Wewe mtoto, umeyashusha maji kwenye nyumba sitini na moja, halafu unakuja kwangu peke yangu na mkaa wako? Mimi nihame usiku kama mwizi, majirani zangu wabaki wanapanga magunia juu ya mstari wa zamani?"

"Watanitukana, Shangazi. Wengine watanipiga."

"Watakutukana, ndiyo. Una haki ya kutukanwa, umesema kweli na kweli imewaangukia." Akanyoosha mkono jikoni, akaokota mikaa mitatu mikubwa, akaipuliza majivu, akanitia kiganjani. "Huu mmoja hautoshi. Na chukua chupa ya maji, matusi yanakausha koo."

"Hutakuja na mimi?"

Alijigonga nyonga. "Kwa mguu huu tutafika nyumba ya tatu masika yameshapita. Nenda. Mimi nitakaa hapa kizingitini, kila mlango utakaopiga nitauona. Ukiruka mmoja nitakuita kwa jina mtaa mzima usikie."

Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Nilivuka njia. Nyuma yangu nilisikia kigoda chake kikivutwa mpaka mlangoni, na yeye akikaa kwa sauti ile ya mtu mwenye maumivu. Ukuta wa Mama Rukonge ulikuwa wa udongo mwekundu, na mstari wa mwaka ule ulionekana hata kutoka nje, chini kabisa, mdogo, wa kuchekesha. Ndani mtu alikuwa anatwanga. Nikahamishia mikaa mkono wa kushoto, nikajifuta wa kulia kwenye kanga, nikapiga hodi.

Mchi ukanyamaza.

"Karibu! Karibu ndani, mwenzangu, pita tu," Mama Rukonge aliitikia, kabla hata hajajua ni nani.